Pumzi ya Pili Kifuani mwa Bimdogo

Karatasi ilionyesha watu wawili, na kitini alikuwa ameketi mmoja.

Nasor bin Hamoud aliitazama mara mbili. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka sita kabla ya kuhamia ofisi ile ya utafiti, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba jambo la ajabu, mara nyingi, ni jambo la kawaida ambalo halijahojiwa vya kutosha. Akaukagua mkanda wa mpira uliozungushwa kifuani mwa mkewe. Haukulegea. Akaukagua mrija uliotoka kwenye mkanda hadi kwenye chombo cha springi, kilichojazwa kwa ufunguo kama saa ya ukutani. Haukutoboka. Kalamu iliendelea kupanda na kushuka juu ya karatasi: wimbi kubwa, ambalo lilikuwa pumzi ya Bimdogo, na ndani yake wimbi dogo, la haraka, lisilofuatana nalo.

"Labda ni moyo," alisema Daktari Silasi Masolwa, mkuu wa utafiti.

Nasor alimshika mkewe kifundo cha mkono, akahesabu kwa saa. Moyo ulipiga mara sabini na nne kwa dakika. Wimbi dogo lilipanda mara thelathini na moja.

"Si moyo."

"Basi ni nini, Hakimu?" Masolwa, Msukuma wa Igunga, alimwita Hakimu tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeweza kumzuia.

"Sijui. Naandika kwamba sijui."

"Andika kwa wino, tuikumbuke siku yenyewe. Hakimu hajui!"

Huo ulikuwa mwaka wa 1971, wakati vijiji vyote vya Unyamwezi vilipokuwa vikifundishwa kusoma, na ofisi yao ilitakiwa kujibu swali moja: akili ya mkulima huchoka saa ngapi, ili madarasa ya watu wazima yapangwe kabla ya saa hiyo. Masolwa aliamini kwamba pumzi husema kweli kuliko mdomo. Mtu aliyetulia hupumua kwa upana, na kila baada ya dakika chache hushusha pumzi ndefu bila kujijua. Mpe hesabu ya kugawanya, na pumzi zake zinakuwa fupi, zinalingana kama meno ya msumeno, ile ndefu inatoweka kabisa. Akimaliza hesabu, ndipo inapotoka. Masolwa aliiita pumzi ya kutua mzigo.

Bimdogo aliletwa kwa sababu walihitaji wanawake wanaojua kusoma, wa kulinganisha. Hiyo ndiyo sababu Nasor aliyoiandika. Sababu ya pili hakuiandika: siku arobaini zilikuwa zimepita tangu wamzike mtoto wao wa kike, wa siku sita, na tangu hapo mkewe hakuwa amevuka kizingiti.

Masolwa aliinama juu ya karatasi. Utani ulimtoka usoni.

"Tazama hili dogo. Dakika arobaini, halijashusha pumzi hata mara moja. Huyu wa pili, awe nani awe nini, anafikiri. Ameshika jambo zito, na hatui."

Bimdogo alikuwa akitazama dirishani, na hakuuliza walichokuwa wakizungumza.

Nyumbani kwao, mtaa wa Kanyenye, Bi Thuraya, mama yake Nasor, hakuhitaji karatasi. Alikuwa ameisikia harufu kwa wiki tatu: vumbi lililolowa, wakati ambapo mvua ilikuwa bado miezi miwili, na ndani ya vumbi hilo jasho, jasho la watu wengi waliotembea mbali.

"Na kila saa nane mchana," alinong'ona, "wanapita barazani. Miguu mitupu, mwanangu. Natoka, barabara nyeupe."

"Umeiona hiyo miguu, mama?"

"Nimekwambia nimeisikia."

"Basi umesikia vishindo. Vya nani, hatujui."

"Haya, vishindo! Mkeo anakwisha, wewe unasahihisha maneno."

Nasor aliomba ruhusa ya kuchukua chombo nyumbani. Nia yake ilikuwa kuthibitisha kwamba ilikuwa huzuni, wala si jini. Huzuni nayo ni mzigo wa akili, na ingeweza kupimwa. Kila siku, baada ya sala ya adhuhuri, alimfunga mkewe mkanda na kupima kimo cha mawimbi kwa rula. Siku ya kwanza la mkewe lilikuwa milimita ishirini na mbili, jingine tano. Siku ya nne, kumi na nane kwa tisa. Siku ya nane, kumi na tano kwa kumi na mbili. Daktari wa hospitali alimsikiliza mapafu mbele na nyuma, akasema ni safi. Siku ya kumi na moja mawimbi yalilingana, midomo ya Bimdogo ilikuwa na rangi ya majivu, na alipotoka kisimani uani aliketi mara tatu.

Na saa nane, chombo kikiwa kinafanya kazi, Nasor alisikia miguu.

Hakukurupuka. Alijiambia ni punda, kisha kwamba punda ana kwato, kisha kwamba ni wanafunzi, kisha kwamba wanafunzi hucheka. Na miguu hiyo haikucheka, ilipita tu, mizito, wa mbele akifuatwa na wa nyuma, upande wa dirisha ambako jua lilikuwa kali kiasi cha kuumiza macho na ambako hapakuwa na kivuli cha mtu yeyote. Na chini ya vishindo palikuwa na mnong'ono mmoja, usiokatika, kama wa mtu anayejikumbusha jambo asije akalisahau.

Jioni ile alikubali mganga aitwe. "Kama shahidi," alisema. Mama yake akatuma mtu papo hapo.

Mganga, Bi Paskazia, alifika kesho yake mchana kutoka Ipuli kwa miguu, rozari shingoni na kibuyu kapuni.

"Shikamoo, bibi," alisema Nasor.

"Marahaba, Mwarabu wangu. Huyo mdudu wako anayeandika, anauma?"

"Haumi, bibi."

"Mwache aandike. Wewe una kalamu, mimi nina masikio. Tutajua nani mwongo."

Hakupiga ngoma. Aliketi mkekani karibu na Bimdogo, akafukiza kidogo, akakisogeza kichwa chake hadi kifuani mwa mgonjwa na kusikiliza kwa muda mrefu, kama anayesikiliza mlangoni mwa watu. Alipoinuka alimwuliza Nasor swali moja tu.

"Mkeo anajua nini ambacho hakuna mwingine duniani anayekijua?"

"Swali hilo halieleweki, bibi."

"Linaeleweka. Hutaki kulijibu."

Kisha akamweleza, kwa sauti ya chini. Yeye mwenyewe hakuona, alisema. Aliambiwa na mama yake, naye aliambiwa. Katika njia hii ya misafara ya kwenda Ujiji watu walianguka wengi chini ya mizigo, wakaachwa walipoanguka, mbali na kila aliyewajua. Majina yao yalibaki njiani bila wa kuyataja. Yupo aliyeyaokota. Haui, hana ubaya na mtu. Ni mpagazi asiye na mwili, na mzigo wake ni majina hayo, na lazima ayarudie yote bila kupumzika, kwa maana akinyamaza moja litadondoka. Jina lililo kwa watu wawili halimhusu. Jina lililobaki kwa mtu mmoja tu hulisikia kutoka mbali, akaja kulibeba.

"Huyu binti ameshika jina, hataki kuliachia. Yule naye amelishika. Ndiyo maana anasahau kupumua. Mwenye jina akilitaja kwa mtu mwingine, hata mmoja, yule ataondoka leo hii mikono mitupu."

Ushahidi wa kusikia haupokelewi, Nasor aliwaza; na papo hapo akaikumbuka siku ya tano ya uhai wa mtoto.

Siku ya tano Bimdogo alikuwa amemnyonyesha mtoto, akainua uso na kusema, "Nimempata jina. Njoo nikunong'oneze." Nasor akacheka, akamwambia subira, jina hutolewa siku ya saba, kila jambo na muda wake. Siku ya sita mtoto alikufa. Makaburini walipouliza anaitwa nani, Nasor alijibu, kwa usahihi wote, kwamba hakupewa jina kwa kuwa siku ilikuwa haijafika.

Alipiga magoti mkekani.

"Bimdogo. Nitajie."

Mkewe alimtazama kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Sasa siku imefika?"

"Nisamehe. Nitajie."

"Ukalifanyie nini, Nasor?" Alivuta pumzi kati ya maneno, fupi, kama anayenywa kwa kijiko. "Utaliandika. Utaliweka kwenye faili. Mimi sina kitu chake kingine. Hata kilio chake nimekisahau. Hili likinitoka mdomoni nibaki na nini?"

"Utabaki nalo wewe, nami nitakuwa nalo."

"Walikuuliza mbele ya watu ukasema hana."

Bi Thuraya, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Sitaliandika," alisema Nasor. "Nitakaa nalo tu. Nakuomba, mke wangu."

Saa ya ukutani ilipiga saa nane. Harufu ya vumbi lililolowa iliingia chumbani kwa nguvu hata moshi wa ubani ukarudi nyuma, na nje miguu ikaanza, si kupita mara hii bali kufika, wengi, wakijipanga barazani mmoja baada ya mwingine kama watu wanaomngoja mwenzao afunge mzigo. Na kalamu, ambayo Nasor aliiona kwa pembe ya jicho bila kutaka kuiona, ilikuwa ikichora wimbi moja la milimita ishirini, la meno ya msumeno, lisilo la mkewe, huku pumzi ya mkewe imekuwa mtetemo tu juu yake, kama mkono wa mtoto juu ya mgongo wa mtu mzima. Na hapo ndipo Bimdogo alipomvuta kwa kola, akalileta sikio lake hadi midomoni mwake, kwani alikuwa amekubali, Nasor aliliona hilo machoni pake wazi kabisa, alikuwa amemsamehe na amekubali, akafungua mdomo na kulitaja, na halikutoka, kwa sababu hapakuwa na pumzi ya kulibeba.

Midomo ilitembea mara mbili. Nasor hakuambulia hata herufi ya kwanza.

"Tena," alisema. "Tena, Bimdogo, tena."

"Hana pumzi," alisema Bi Paskazia. "Sasa ni wewe. Baba anaweza kulitoa jina hata asipolijua, ila likibebwa halirudi kwenu tena. Toa, au umzike na mama yake."

Nasor alijua tofauti kati ya kulazimishwa na kuridhia. Aliwahi kuiandika mara mia katika mafaili ya watu wengine. Aliuweka mkono wake juu ya mkanda, akahisi vifua viwili vikipumua chini yake.

"Lichukue," alisema. "Mimi baba yake. Nimeridhia."

Kalamu iliruka. Kisha Bimdogo alishusha pumzi, ndefu, ya kina, iliyouinua mgongo wake kutoka mkekani na kuurudisha taratibu, na barazani miguu ikaondoka kuelekea magharibi, bila haraka, hadi ikamezwa na mlio wa mashine ya kusaga ya mtaa wa pili.

"Nina kiu," alisema Bimdogo.

Alipona. Baada ya wiki mbili alikwenda sokoni, na kabla mwaka haujakwisha alikuwa akifundisha kusoma jioni katika darasa la wanawake. Siku moja, akikunja nguo, alisimama ghafla.

"Nasor, nilikuwa nimempata jina yule mtoto. Lilikuwa nani?"

"Hukuniambia," alisema.

"Kweli?" Alifikiri, midomo ikijaribu sauti moja, kisha nyingine. "Ajabu. Lilikuwa zuri." Kisha akaendelea kukunja.

Nasor alirudisha chombo ofisini na kuwasilisha karatasi zote isipokuwa moja. Masolwa alimwuliza hitimisho lake, akamjibu kwamba ushahidi hautoshi. Na Masolwa, kwa mara ya kwanza, hakumtania.

Lakini zipo siku za kiangazi, saa nane mchana, mtaa umelala, anapotoka peke yake barazani na kusimama juani akiinamisha kichwa. Wanapita. Amekubali sasa kwamba wanapita. Mnong'ono huja pamoja nao, majina juu ya majina, ya Kinyamwezi, ya Kimanyema, ya Kiyao, ya pwani, na amejifunza kuyatenga moja moja kama alivyotenga zamani maneno ya mashahidi waliosema kwa pamoja. Husikiliza jina la msichana. Hupita mengi, Tufaha, Mwavita, Zuhura, Salma, na kila moja humsimamisha moyo, kwa kuwa lolote kati ya hayo laweza kuwa la binti yake, na hata likitajwa mbele yake, kwa ufasaha, mara elfu, yeye hatalijua.