Koti la Kinara

Soko la mitumba lilikuwa limefurika. Watu walisukumana kwa viwiko, wauzaji wakapiga makofi juu ya marundo ya nguo. Mshonaji alikuwa ameinamia sinia la vifungo aliposikia sauti ya kiume nyuma yake.

"Samahani dada. Hili koti linanikaa, au huyu muuzaji ananipaka mafuta?"

Aligeuka, akaliona. Koti la mvua la bluu, kola imechujuka, na mgongoni kiraka cha kijani cha pembe tatu. Kiraka alikitia yeye. Koti lilikuwa la marehemu mumewe. Mama mkwe ndiye aliyemwambia, "Zigawe hizo nguo, mwanangu, upumue," naye akazigawa.

"Linakukaa," alisema.

"Aliyetia hiki kiraka ana mkono. Ningemjua ningempelekea shati langu la kazi."

"Niletee mimi. Nashona."

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti, mpole, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Alileta shati. Kisha akaleta suruali ambayo haikuchanika popote. Kisha zikaanza simu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe leo umekwama ghorofa ya ngapi?"

"Nimekwama kwako, na hakuna wa kunitoa."

"Basi piga kengele ya dharura."

"Nani kakwambia nataka kuokolewa?"

Mshonaji alimweleza kwamba mumewe alikufa ghafla, moyo. Koti hakulitaja. Kila alipotaka kusema, aliishia kuuliza habari za lifti. Na Fundi alipomtembelea jioni amelivaa, Mshonaji alipenda kuegemea mgongo ule na kufumba macho.

Jumamosi moja Mshonaji alimwalika kwenye chama chake cha matembezi. Wanachama hutembea mstari mmoja, kutwa nzima, kwa hiyo hujuana zaidi kwa migongo kuliko kwa nyuso. Aliyekuwa akitangulia miaka yote ni mumewe, walimwita Kinara, na waliobaki nyuma aliwaita kwa mluzi mrefu. Sasa alitangulia mwalimu mstaafu.

Mshonaji alifika na suruali ya khaki na kilemba cha zambarau, amependeza. Fundi aliposhuka garini na koti la bluu, mazungumzo yalikatika. Mwalimu alimvuta Mshonaji pembeni.

"Binti yangu, anajua?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kabla hatujafika ufukweni."

Waliingia vichakani. Miiba ilikwaruza mikono, mchanga ukaanza kuchanganyika na udongo, na ukungu wa bahari ukapanda polepole. Mshonaji alikuwa wa mwisho. Mbele yake migongo ilififia mmoja mmoja mpaka ukabaki mmoja, wa bluu, wenye kiraka, ukikata kona. Na kwa pumzi mbili tatu hakuna aliyekuwa amekufa.

"Kinara," aliita. "Nisubiri, Kinara wangu."

Mstari mzima ulisimama. Fundi aligeuka. Aliuona uso wa Mshonaji umewaka kwa furaha ambayo hajawahi kupewa, kisha akauona ukizimika ulipomtambua.

"Kinara ni nani?"

"Mume wangu. Koti ni lake."

"Na kiraka?"

"Nilishona mimi."

"Kwa hiyo tangu sokoni ulijua." Alicheka, kicheko kikavu. "Kumbe mimi ni msumari tu wa kutundikia koti."

Alilivua, akalitundika kwenye mti wa miiba, akateremka peke yake kuelekea baharini. Mwalimu aliinua mkono kuwazuia wengine.

Mshonaji alibaki na koti. Upepo uliingia kwenye mikono ya koti, ukaijaza, kama mtu anayetaka kukumbatiwa. Alisogea akazika pua kwenye kola, akitafuta harufu ya zamani. Ilikuwa imekwisha. Palikuwa na grisi, grisi ya lifti, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akaliacha lilipo, akakimbia.

Fundi alikuwa amesimama kando ya maji, shati limelowa jasho.

"Rudi kwa wenzako, mama," alisema bila kugeuka.

"Nimenusa koti. Linanuka wewe."

"Usinibembeleze. Niliuona uso wako."

"Uliuona, sikatai. Na ataendelea kunijia, hata tukiwa mezani tunakula. Siwezi kumfukuza."

"Nani kakwambia umfukuze? Mimi nilitaka siku moja niitwe mimi."

Mawimbi yalikuja, yakarudi. Mshonaji aliutazama mgongo ule usio na koti. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani. Bega moja lilikuwa chini kidogo. Hakuwa amewahi kuliona.

"Fundi."

Alizidi kutazama maji.

"Fundi wa lifti, unayesinzia kwenye simu halafu unasema ulikuwa unafikiri."

"Nilikuwa nafikiri kweli."

"Ulikuwa unakoroma. Fundi, nioe."

Mabega yalitikisika, hakujua ni kicheko au kilio.

"Posa gani hii, mtu anaposwa mgongoni? Ngoja basi nigeuke."

"Usigeuke kwanza. Nataka nikuzoee hivi."

Alitii. Huko juu, ndani ya ukungu, mtu alipiga mluzi, mrefu, wa kuwaita walio nyuma. Mshonaji aliusikia, akajua ni wa nani. Na yeye hakugeuka.