Mtutu Uliopasuka Cold Creek

Jua lilikuwa halijapanda vizuri juu ya bonde la Cold Creek, Montana, mpelelezi Solveig Haugen alipopiga goti kwenye theluji kuitazama bunduki iliyopasuka. Ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu wakubwa wa milimani. Mtutu ulikuwa umefunguka ubavuni kama ganda la njegere. Mwenye bunduki, mzee Roscoe Kittleson, alikuwa ameshakimbizwa hospitali, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekwenda.

"Nilikuwa nyuma yake," alisema Darrell Pruitt, mwongoza wawindaji, bunduki yake mpya ikining'inia begani. "Alipiga, moshi mzito ukatanda, sikuona kitu. Ulipotawanyika nikamkuta chini. Nilishamwonya: hizo risasi za kupikwa gereji zitakutoa roho!"

Hakuna aliyehitaji kuuliza gereji ya nani. Delphine Lacroix, mjane mwenye ulimi mkali, ndiye aliyejaza risasi za bunduki zote za kale bondeni. Kabla ya saa sita mchana, mkahawa mzima ulikuwa umeshamhukumu.

Solveig alimulika tochi ndani ya mtutu. Masizi hayakuwamo. Kulikuwa na michirizi myekundu ya shaba. Akaunusa, akaufunga kwenye turubai.

Delphine alimpokea akiwa amesimama mbele ya meza yake ya kazi.

"Mama Delphine, huenda ulikosea kipimo?"

"Mimi? We binti, baba yako nilimjazia risasi kabla hujaota meno!" Kisha sauti ikamshuka. "Roscoe ni rafiki yangu. Bunduki yake ni ya babu yake, chuma chake laini. Haistahimili baruti ya kisasa. Inakula baruti nyeusi tu. Nyeusi inasukuma, ya kisasa inapiga ngumi. Na risasi yenyewe naisubu kwa madini laini, bila koti la shaba. Shaba inaikwaruza mitutu ya kizee."

"Ukipiga hiyo nyeusi inakuwaje?"

"Moshi kama wa treni, harufu ya yai viza, na mtutu mweusi kama sufuria ya kuni."

Solveig aliondoka na jambo moja mkononi: risasi iliyopasua bunduki haikuwa ya Delphine. Mtu aliibadilisha. Lakini nani?

Mkanda wa risasi wa Roscoe ulikuwa umetundikwa jikoni kwake usiku uliotangulia. Vifuko vyake vilificha ncha za risasi, vitako tu vikaonekana. Waliolala nyumbani humo walikuwa wawili zaidi: Darrell na Wade, mwana pekee wa Roscoe.

"Ulitaka baba yako auze shamba," Solveig alimwambia Wade.

Kijana akawa mwekundu hadi masikioni. "Nilitaka, sikatai. Darrell alikuwa tayari kununua. Lakini nimuue baba? Unaniona shetani mimi?"

"Nionyeshe bunduki yako."

Akaileta. Risasi zake zilikuwa nyembamba kama penseli. Ile ya Roscoe ilikuwa nene kama kidole gumba. Hata angetaka, risasi ya Wade isingefaa kitu katika mtutu ule.

Hospitalini, Roscoe alikuwa anagombana na nesi kuhusu kahawa.

"Mzee, niambie ulichoona baada ya kufyatua."

"Nilimwona kulungu akikimbia, peupe kabisa. Nikajiuliza, moshi wangu uko wapi? Ndipo nikautazama mkono. Delphine asiguswe, umesikia? Hakosei yule."

Roscoe aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Solveig aliwaita wote uani kwa mzee huyo. Majirani nao wakaja bila kualikwa. Delphine alisimama peke yake, maana hakuna aliyetaka kukaribiana naye. Solveig akampa risasi moja kutoka mkanda wa Roscoe.

"Hii ni yako?"

Delphine aliigeuza. "Yangu."

"Ipige."

Watu wakarudi nyuma. Delphine akaisukuma ndani ya bunduki ya kale ya marehemu mumewe, ya unene uleule, akailenga gogo la mbali bila kupepesa jicho. Mlio ukatikisa madirisha. Wingu jeupe likameza ua, watu wakakohoa, na gogo likapasuka katikati.

"Darrell," alisema Solveig, "moshi wa namna hii ndio ulioniambia?"

"Ndiyo! Huo huo!"

"Mzee Roscoe hakuona moshi. Na ndani ya mtutu hamkuwa na masizi, ila shaba. Baruti ya kisasa na risasi yenye koti la shaba. Uliutunga moshi ili tuamini ni risasi ya Mama Delphine. Asiye na la kuficha angesema alichokiona."

"Baruti ya kisasa kila mtu anayo!"

"Bunduki ya kisasa ya unene huu anayo nani hapa, zaidi ya wewe?" Akanyoosha mkono kuelekea bunduki iliyokuwa begani kwa Darrell. "Toa risasi moja."

Darrell hakusogea. Wade ndiye aliyemvua bunduki, akaifungua. Risasi iliyoangukia kiganjani mwake ilikuwa nene kama kidole gumba, ncha yake ya shaba.

"Ulikula mezani kwetu usiku ule," Wade alisema taratibu.

"Alinifungia lango la juu la shamba, njia ya mlimani!" Darrell alifoka. "Wateja wangu wangepita wapi? Mara tatu nilimsihi. Angekufa, wewe ungeuza kesho yake, unajua ungeuza!"

"Wateja wako waliua kulungu jike na kuacha nyama ioze," Roscoe alijibu kutoka kitini. "Lango nililifunga mimi. Na akili zangu zikiwa timamu."

Solveig akamfunga pingu. Darrell alipopitishwa kati ya majirani, wakampisha njia. Kisha mwenye mkahawa akavua kofia, akamsogelea Delphine.

"Mama, tulikukosea."

"Mlinikosea sana," alisema Delphine, machozi na masizi yakimchuruzika pamoja mashavuni. "Tena mtaniomba radhi mmoja mmoja. Pangeni foleni."

Nao wakapanga, kicheko kikapasuka uani kote. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Roscoe, bandeji mkononi, akidai kwa kelele kuwa yeye hana kosa ila anataka kumkumbatia mtu.