Sanduku la Sauti ya Ghalia

Kila Ijumaa, Himid akirudi kutoka msikitini, hupika mkate wa kumimina. Hupika vibaya. Chini huungua, juu hubaki maji. Lakini hupika, kwa sababu mwalimu wake ni mkewe Ghalia, na Ghalia hakuwa mtu wa kumwachia mwanafunzi akate tamaa.

Ghalia alifariki miaka mitatu nyuma. Anafundisha kwenye televisheni. Enzi za uhai wake alipenda kurekodiwa kwa simu akipika, akisoma kasida, akiwahadithia wajukuu mambo ya Pemba. Himid ndiye aliyeshika simu. Video zikenda zenyewe kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni moja iliyo mbali, na televisheni ikazivuta kwa mtandao. Wingu hilo liko wapi na mwenyewe nani, Himid hakuambiwa.

Anakaa ghorofa ya nne, Thamesmead. Aliosha mabasi ya London miaka ishirini na sita. Ghalia alikuwa akiwahudumia wazee majumbani kwao. Aliwaogesha wazee wa watu miaka kumi na tisa, na alipougua yeye akaambiwa asubiri simu ya hospitali. Simu ilipopigwa, kaburi lake lilikuwa na wiki mbili. Tangu hapo Himid akisikia mkubwa yeyote anasema "mfumo wetu", huinuka akazima redio.

Ijumaa moja alikuwa ameshakoroga unga, televisheni ikakataa. Ilimtaka aingie upya. Ilisema imetuma tarakimu sita kwenye simu ya Ghalia, naye aziandike.

Simu ya Ghalia haikuwepo. Arobaini ilipokwisha, Himid alitoa vitu vya marehemu sadaka, kama inavyopasa. Kanga walipewa majirani, mabuibui yakenda msikitini, na simu ikapelekwa Wete kwa Mwanabaraka, mdogo wake Ghalia. Kwa heshima ya sadaka, Himid aliifuta simu yote iwe safi kama mpya. Namba nayo akaikata. Sasa tarakimu sita zilikuwa zikienda kwa mtu asiyemjua, au haziendi popote.

Alimpigia Mwanabaraka. Shemeji yake alijibu kwa huzuni kwamba simu ilifika tupu, hata picha moja haikuwamo.

Binti yake Sundus alikuja kutoka Woolwich akaipigia kampuni. Alisubiri saa nzima akisikilizishwa muziki. Kisha akamweleza baba yake kwa Kiingereza, kama ilivyo ada yake, naye baba akamjibu kwa Kiswahili. Kampuni ilitaka karatasi za mahakama kuthibitisha kuwa Himid ni mrithi. Karatasi hizo huchukua miezi. Na akaunti isiyofunguliwa ingefutwa mwisho wa mwezi ujao.

"Niende kwa hakimu kuomba ruhusa ya kumsikia mke wangu?" Himid alisema. "Siendi. Wamwite hakimu aje hapa, nimpikie mkate."

Sundus alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akakumbuka laptopu ya mama. Kila mwisho wa mwezi Ghalia alikuwa akiichomeka simu kwenye laptopu ile kunakili video. Waliikuta kabatini, chini ya mashuka. Himid akaiwasha. Ikalia ndani, tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango asifunguliwe. Himid akaipiga kofi. Ikazima. Akaiwasha tena, na tena, mpaka Sundus akamshika mkono.

Basi Himid akaenda duka kubwa la kompyuta. Kijana wa pale alimwonyesha mashine yenye taa nyekundu na buluu, bei yake ya kumtoa mtu jasho. Himid aliuliza kama itafungua video za mkewe. Kijana akasema ataingia kwenye wingu tu, na kama nafasi haitoshi atalipia kila mwezi. Himid alitoka bila kuaga.

Mlangoni pa jengo lao alikutana na Agathe, jirani Mkongomani anayesafisha maofisi mjini. Agathe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Papa Himid, kuko fundi moja kule Southall," alisema. "Jina yake Jaspal. Ule hadanganyi mutu."

Asubuhi iliyofuata Himid aliifunga laptopu kwa kanga, akapanda treni Abbey Wood, akashuka Southall. Jaspal alikuwa Singasinga wa makamo, mzaliwa wa Kisumu, na karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Himid alimsalimu kwa Kiingereza, akajibiwa kwa Kiswahili.

"Karibu, mzee. Umebeba mtoto?"

"Nimebeba mke," Himid alisema. "Na nikwambie mapema. Kama unataka kuniuzia wingu, nageuza."

Jaspal hakuuza kitu. Aliuliza imewashwa mara ngapi tangu ianze kulia. Himid akasema labda mara kumi. Fundi akavuta pumzi.

"Mzee, usiiwashe tena. Hata mara moja. Ndani mna diski inayozunguka, na juu yake kuna sindano. Sindano imelegea. Kila ukiwasha, inakwaruza. Unamkwaruza mama mwenyewe."

Himid akakaa kitako.

Jaspal alisema ataitoa diski, ataisoma polepole kwa mashine yake, na hatoahidi kitu. Ilichukua siku nne. Video zilikuwa mia mbili na thelathini. Zilizookoka ni mia mbili na kumi na mbili. Kumi na nane zilipotea, na mojawapo ilikuwa ya arusi ya Sundus.

Himid alipopewa habari hiyo alivuta kiti karibu na meza ya fundi. Kisha akasema, "Haya. Nifundishe. Sitaki tena mtu anishikie mke wangu mkononi mwake."

Jaspal akampa chai ya maziwa, akamwuliza nyumbani kompyuta inafanya kazi gani hasa. Himid akataja fomu za nyumba, simu za video na Pemba, kusoma habari, na Ghalia.

"Basi ile yenye taa ni ya vijana wa michezo," Jaspal alisema. "Inakula umeme bure. Wewe chukua hii."

Alimwonyesha kompyuta ndogo, ukubwa wa kopo la biskuti. Ilitoka ofisini, ikasafishwa, ina dhamana ya mwaka. Himid akasema yeye hataki makombo ya wakubwa. Jaspal akamjibu kwamba wakubwa huitupa ingali nzima, hasara ni yao. Hapo Himid alitabasamu kidogo.

Fundi aliendelea taratibu. Ndani ya kompyuta, alisema, angalia diski kwanza. Iwe ile isiyozunguka, watu huiita SSD. Haina sindano, inafunguka upesi, na kwa kazi za kila siku haihitaji kuwa kubwa. Kisha angalia RAM.

"RAM ndiyo nini?"

"Umepika, mzee. Ubao wa jikoni ukiwa mdogo, utaweka wapi unga, wapi mayai, wapi bakuli? Ukifungua vitu vingi, RAM ndogo inajaa. Gigabaiti nane zinatosha kwa kubana, kumi na sita ndiyo raha."

"Na ghala? Ubao si ghala."

"Umeelewa kuliko wateja wangu wote," Jaspal alisema. "Ghala ni hili."

Lilikuwa sanduku jeusi lenye nafasi mbili za diski. Diski zake ni zile kubwa za kuzunguka, kwa sababu kwa mizigo mingi ndizo rahisi. Kila kitu huandikwa kwenye zote mbili, moja ikifa nyingine ipo. Sanduku huchomekwa kwa waya kwenye ruta, kile kidude kinachogawa mtandao nyumbani, na televisheni hulisoma humo humo nyumbani. Video haitoki nje ya mlango.

Himid akasema basi, ana nakala mbili, yatosha. Jaspal akatikisa kilemba.

"Hapana, mzee. Ukifuta kimakosa, zote mbili zinafuta. Nyumba ikishika moto, zote mbili zinaungua. Lazima diski ya tatu, ilale nyumba nyingine. Usinunue mtaani ile ya bei ya chips inayodai kubeba dunia nzima. Nyingi ni za uongo, zinapokea na hazirudishi. Nunua kwa mtu mwenye risiti, jaza kwanza, fungua uone, ndipo uamini."

Ya mwisho ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyomchoma. Sadaka ya simu ni njema, Jaspal alisema, lakini toa kwanza vilivyomo ndani, na namba ya marehemu usiikate kabla hujabadilisha kila akaunti iliyoitegemea. Himid aliomba karatasi akaiandika hiyo mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Alinunua kompyuta ndogo, sanduku, na diski ya tatu. Diski ya tatu hulala Woolwich kwa Sundus, na Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi huja kuongezwa mapya, kisha hurudi kwao. Fomu za nyumba sasa hujaza mwenyewe. Barua za kulalamika pia, na hizo ni nyingi.

Siku ya hitima ya Ghalia, isomwayo kila mwaka, nyumba ilijaa. Adhuhuri mafundi wa wasimamizi wa majengo walikata waya chini, mtandao ukazimika ghorofa zote. Wasimamizi walituma ujumbe kwamba wanasikitika na watu wawe na subira. Korido ilijaa watu wanaotikisa simu. Agathe akaja kugonga. Alikuwa amesikia sauti ya mwanamke akisoma kasida, na kwake kila kitu kimekufa.

"Papa Himid, weye unapata mtandao wapi?"

"Sina mtandao," Himid alisema. "Huyu yuko kwake. Ingia ule."

Barua ya kampuni ilikuwa mezani, bado imekunjwa. Ilisema akaunti itafutwa kesho yake. Himid aliitandika chini ya sufuria ya moto, isiunguze kitambaa.

Sundus akabonyeza video ya mkate wa kumimina. Jiko lile lile likatokea, na Ghalia akikoroga unga. Wajukuu wakasogea karibu. Ghalia akainua uso, akakunja kipaji, akamtazama aliyeshika simu.

"Himid, toka kwenye taa. Wanizuilia mwanga."

Himid, aliyekuwa amesimama mbele ya dirisha, akasogea pembeni.