Mwambie Ashuke

Kuanzia Makurunge hadi Mkange, muulize yeyote nani anajua kuvuta tela. Watakwambia Hija wa Mlingotini. Shule nimeishia darasa la sita, lakini tela silivuti kwa macho, nalivuta kwa kiuno. Nikishakaa kwenye Landrova yangu, mzigo ukisogea kidole kimoja huko nyuma, mimi najua. Nimevuta jenereta, nimevuta trekta bovu, nimevuta bwana harusi na viti vyake vyote. Sijaangusha hata kijiko.

Basi asubuhi hiyo nilikwenda Mkange na shemeji yangu Badar kuchukua karavani lake, kile kijumba cha bati chenye matairi mawili na madirisha ya pazia. Alikuwa ameliegesha karibu na kambi ya wajenzi wa barabara, yeye na mkewe Zeyana wakiwauzia mafundi chai na pilau.

Zeyana alikuwa dada yangu. Siyo wa tumbo, wa ziwa. Mama yake aliugua baada ya kujifungua, wakamleta kwa mama yangu, tukanyonya pamoja, mimi upande huu yeye upande ule. Kwao Waarabu wa duka, kwetu watu wa jembe, lakini akiniita "Kaka Hija" hakuna aliyeshangaa.

Alifariki masika yaliyopita, homa ya siku tatu, ndani ya karavani hilohilo. Siku ya pili alimwambia mumewe anipigie simu: "Mwambie kaka aje anivute nyumbani." Nikajibu tope halipitiki. Na kweli halikupitika. Wakamzika Mkange.

Saa nne tukaanza kupakia. Barabara ile ya vumbi ina vijituta vimepangana kama mbavu za punda, na tela lina sheria zake, sikilizeni msije mkafa. Punguza upepo kwenye matairi. Mzigo mzito ukae mbele, usivuke ekseli, kile chuma kinachobeba matairi, kurudi nyuma. Ukikaa nyuma, tela linaanza kupunga mkia, na likishapunga mara tatu, wewe na gari lako mko mtaroni. Mtungi wa gesi, magunia ya mchele, masufuria, vyote nikavifunga mbele kwa kamba. Nyuma nikaacha benchi tupu lenye godoro lake, chini ya dirisha.

Nilipomaliza, Badar akaufungua mlango tena. Akasimama pembeni, anampisha mtu.

"Zeyana," akasema taratibu. "Panda, mama. Twende nyumbani."

Sisi watu wa mashamba hufanya hivyo tukihamisha vitu vya marehemu. Tunamwita asibaki peke yake. Badar, mtoto wa msahafu, sikumtarajia afanye hivyo. Nami mdomo wangu haujui kunyamaza.

"Shemeji, kwenye tela abiria haruhusiwi. Trafiki watatupiga faini."

Hakucheka. Aliufunga mlango polepole, kwa uangalifu, asije akambana mtu vidole.

Kilomita tano za kwanza, safi. Jua kali, hakuna hata wingu. Ya sita, kiuno changu kikaniambia.

Makalio ya gari yakanyanyuka. Tela likapunga. Kushoto. Kulia. Nikaachia mafuta bila kugusa breki, likatulia, tukasimama.

Matairi mazima. Bering hazikupata moto. Nikafungua mlango. Mtungi mahali pake. Magunia mahali pake. Vumbi lilikuwa limeingia kwa matundu, limetanda sakafuni laini kama unga, halina alama yoyote. Benchi la nyuma tupu. Lakini godoro lake lilikuwa limebonyea katikati.

Nikaenda pale tela linaposhikana na gari, nikachomoa pini. Pua ya tela lile asubuhi tuliinyanyua wanaume watatu, sisi na fundi mmoja wa kambini. Nikaishika kwa mkono mmoja.

Ikanyanyuka.

"Mzigo uko nyuma," nikasema.

"Ndipo anapokaa," Badar akanong'ona. "Anapenda dirisha lile."

Nikaishusha, nikarudisha pini. Lakini ujuaji nao ni ugonjwa. Nikarudi mlangoni nikasema kwa sauti, sijui nikimwambia nani: "Mzigo ukikaa nyuma tutakufa sote. Inatakiwa usogee mbele."

Tukaondoka. Nawaambia haki ya Mungu, tela lilinyooka. Nikaongeza mwendo, halikucheza. Badar akawa anatabasamu huku machozi yanamchuruzika, na wala hayafuti.

Mimi nikatazama kioo cha kuonea nyuma.

Pazia la dirisha la mbele la karavani nililifunga mwenyewe. Sasa lilikuwa wazi. Halikupepea. Limevutwa kando, limekunjika mahali pamoja, pale mkono unaposhika. Mkono haupo.

Kisha, juu ya muungurumo wote wa Landrova, nikasikia kioo cha dirisha lile kinagongwa. Mara mbili. Kwa ukucha.

Nikakanyaga breki.

"Mwambie ashuke."

"Hija..."

"Ashuke."

"Tela linakwenda sawa, shemeji. Amekusikia. Amesogea."

"Mwambie ashuke, ama nalifungua tela hapahapa nakuacha nalo!"

Akaniangalia. Mimi huyu, mwanamume wa kilo tisini, saa saba ya mchana, suruali imelowa. Akatoka. Nikamsikia akifungua mlango wa karavani. Akaanza kusema, akakwama. Akaanza tena.

"Zeyana. Shuka, mama. Kaka yako anaogopa."

Nikageukia kioo cha pembeni.

Springi zikalia. Tela likainuka kidogo, linavyoinuka mtu akishuka. Kwenye kioo nilimwona Badar amenyoosha mkono, anamshika asijikwae. Kisha mkono ukabaki hewani, mtupu, muda mrefu sana.

Tukavuka mto Wami, tukapita Makurunge, mpaka Mlingotini. Badar alikaa amegeukia nyuma njia nzima.

Nimerudi pale aliposhuka mara nne, peke yangu, na tela jingine tupu, mlango wazi. Nimesema panda, dada. Nimesema siogopi tena. Naondoka mdogomdogo, nasikilizia. Kiuno changu hakiniambii kitu.

Badar analala kwenye mkeka nje ya karavani, na haruhusu mtu kuingia wala kufagia. Msinicheke, njooni mchungulie. Nyayo ndogo, peku, zimechapwa kwenye vumbi kutoka benchi la nyuma hadi dirisha la mbele, moja kwa moja, kama nilivyoelekeza. Kutoka dirishani zinakwenda mlangoni, hatua fupifupi. Na ule unyayo wa mwisho, pale kizingitini, vidole vyake vimeelekea ndani, kama wa mtu asiyetaka kushuka.