Taa ya Kijani Sehemu ya Soli

Ndugu msomaji, wewe unayesimamia watu na wewe unayesimamiwa, sogea tusemezane. Kisa hiki kiliikuta nyumba ninayoifahamu, nyumba ya watu wema. Ndiyo maana kinatisha.

Jumapili moja alasiri walikuwa wamekaa barazani. Mke, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akimsuka binti yake. Mdogo wake wa kiume, kapera aliyepanga chumba upande wa pili wa mji, alikuwa akibandika upya soli ya kiatu cha mpwa wake.

"Mwanao huyu, dada, anagombana na ardhi," alisema. "Kiatu gani kitamvumilia?"

Wote wakacheka. Naye alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Alipoondoa kiganja mdomoni, alikifuta upesi kwenye suruali, dada yake asione.

"Shemeji," alimwambia mume wa dada yake, "kifua kinanibana. Gundi ya kazini imeniingia. Naomba ruhusa nipumzike kidogo."

Huyo shemeji ndiye aliyekuwa mkuu wa utumishi kwenye kiwanda cha viatu, na kijana alikuwa mbandika soli kiwanda hichohicho. Wafanyakazi walimwita mkuu huyo Bwana Asilimia, na jina hilo hakulipata bure. Wakurugenzi walikuwa wamembana kikaoni: "Mauzo tunayaona, ngozi tunaiona. Idara yako inatuletea nini zaidi ya kutuandikia likizo?" Jambo hilo lilimchoma. Akachunguza akagundua kwamba siku ambazo watu wote wamefika, viatu vingi zaidi hutoka. Ilikuwa kweli kabisa. Basi akatundika ubao wa taa ukumbini, mahudhurio ya kila sehemu yakae kando ya viatu ilivyotoa. Wakitimia wote, taa ya kijani na zawadi kwa sehemu nzima. Akikosa mmoja, hata kwa ugonjwa, taa nyekundu, na wote wanakosa. Getini ikafungwa mashine ya kadi yenye sauti laini ya mwanamke: "Asante. Upo kazini." Viatu vikaongezeka, na wakurugenzi wakampigia makofi.

Msinielewe vibaya. Kupima si dhambi, hata mama humpima mwanawe joto. Lakini mama hupima ili amtibu.

"Vumilia kidogo, shemeji," Bwana Asilimia alijibu. "Sehemu yenu ndiyo inayoongoza. Ukikosa wewe, ndugu yangu mwenyewe, wenzako nitawaambia nini?"

Kijana aliinamia kile kiatu. "Sawa, shemeji."

Wiki ile mwalimu alimpigia mdogo wake simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Jioni alimuuliza mumewe, naye akafungua simu yake, ambako namba za ubaoni humfikia, akatazama.

"Yupo. Ameingia asubuhi, ametoka jioni. Tena soli zake zimeongezeka."

"Mbona simu hapokei?"

"Kazi, mama watoto. Amebanwa na kazi."

Kesho yake jibu likawa lilelile, na keshokutwa pia. Mwalimu akaanza kukosa raha. "Moyo wangu hautulii," alisema. "Leo nimemsikia anakohoa nyuma ya darasa. Nikageuka. Watoto wote walikuwa kimya wananitazama mimi."

"Umechoka tu. Namba hazina sababu ya kudanganya."

Kumbe kiwandani mambo yalikuwa yamebadilika, na mwenye macho angeona. Zamani watu walitaniana na kuimba wakiwa kazini. Sasa waliingia kama wanaoingia kwenye msiba, wengine wana homa, mmoja ana mshono mbichi tumboni. Madukani viatu vilianza kurudishwa, soli zimeachama mbele kama midomo inayotaka kusema neno. Ubaoni kijani tupu. Bwana Asilimia, ambaye siku hizi hakushuka tena kwenye meza za kazi, aliamini kosa ni la gundi.

Mwishowe mwalimu alimzuia mumewe mlangoni. "Kamwone mdogo wangu. Kwa macho yako, si kwa simu."

Bwana Asilimia akaenda kusimama getini, kando ya mashine. Foleni ilisogea bila salamu. Asante, upo kazini. Asante, upo kazini. Kisha kwenye kioo likatokea jina la shemeji yake, na ile sauti ikashukuru kwa upole uleule. Akainua uso akitabasamu, mkono tayari kusalimia.

Mbele yake alisimama mwanamke, msimamizi wa sehemu ya soli, ameangalia chini. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Bwana Asilimia alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya shemeji yake. Koti la kazi lilining'inia msumarini. Brashi ilikuwa mbichi kwa gundi. Kiti kilikuwa kitupu, na soli zimepangwa vizuri mbele yake. Wenzake wa kulia na kushoto walifanya kazi bila kuinua macho. Mmoja alibandika soli, akanyoosha mkono taratibu, akaiweka kwenye fungu la asiyekuwepo. Mashine ya kuhesabu soli pale mezani ikalia, namba ya yule kijana ikapanda.

"Yuko wapi?"

Msimamizi, aliyekuwa amemfuata kutoka getini, akashangaa. "Bosi, si yuko kwako?"

"Kwangu?"

"Alituaga. Alisema anakwenda kwa dada yake kupumzika. Akatuachia kadi, akatuomba tumfichie. Alisema, 'Taa isije ikawaka nyekundu kwa sababu yangu, shemeji ataaibika.' Sisi tukajua anauguzwa kwako."

Mnaona, ndugu zangu? Wenzake walijua yuko kwa dada. Dada aliambiwa yuko kazini. Naye angewezaje kwenda kujilaza kwenye nyumba ya mtu yuleyule aliyekuwa akimficha kwamba hayupo kazini?

Bwana Asilimia na wenzake kijana walivunja mlango wa chumba chake jua likiwaka. Pazia lilikuwa limefungwa. Alilala ameukabili ukuta, viatu vya kazi miguuni, kamba zimefungwa, kama mtu aliyetaka kujaribu kwenda. Majirani walidhani amesafiri. Mengine sitaeleza, inatosha kusema alikuwa ametangulia siku nyingi. Wakiwa wamesimama pale, hakuna anayethubutu kumgusa, simu ililia mfukoni mwa Bwana Asilimia. Aliitoa kwa mazoea akasoma. *Sehemu ya soli: wote wapo.*

Mwalimu, alipoletewa habari, hakupiga kelele. "Uliniambia yupo," alisema, na katika matanga yote hakumwambia mumewe neno jingine. Baada ya mazishi aliwachukua watoto akaenda kwa mama yake. Bwana Asilimia alijiuzulu. Wakurugenzi walituma rambirambi, na kabla viatu vibovu havijamaliza kurudi, walikuwa wameajiri mwingine.

FUNZO

Enyi mnaosimamia watu, si vibaya kutafuta jinsi kazi ya watu inavyoleta faida, kwa maana inaleta. Lakini mtu huzaa faida akiwa mzima, si akiwa amehesabiwa. Kipimo kikigeuzwa fimbo, watu hawaboreki, wanajificha, na namba hujifunza kukuambia unachopenda kusikia. Mgonjwa akiogopa kusema anaumwa, hasara imeshaingia, hata kama taa ni ya kijani. Nanyi mnaomfichia mwenzenu kwa huruma, mfichieni kosa mkitaka, lakini msimfichie ugonjwa.

Na wewe msomaji, kama kuna mtu wako ambaye kila siku unaambiwa yupo, yupo, nawe hujamtia machoni, funga kitabu hiki sasa. Inuka ukamwone.