Kituo cha Redio cha Mama Gati

Kila asubuhi Mama Gati alifungua dirisha la ofisi, akafuta vumbi mezani, kisha akawasha redio. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Palikuwa na meza, viti vichache, kabati la chuma na redio ya upepo ya kuzungumza na walio majini, imefungwa ukutani. Waya mweusi ulitoka kwenye redio, ukapita dirishani, ukapanda mpaka kwenye antena juu ya paa.

Mama Gati na mume wake walikuwa na kampuni ndogo ya usafiri wa majini. Walikuwa na meli mbili ndogo za kubeba mizigo na abiria kwenda visiwani. Moja iliitwa Subira. Hiyo iliongozwa na mume wake, ambaye watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Nahodha. Ya pili iliongozwa na shemeji yake, mdogo wake Nahodha. Hiyo iliitwa Upesi, ingawa mwendo wake ulikuwa wa kinyonga.

Mama mzazi wa ndugu hao wawili, Bibi, aliishi hapohapo nyumbani. Alipenda kukaa karibu na redio na kuzungumza na wanawe.

"Nahodha, umevaa sweta?"

"Mama, niko kazini."

"Sikukuuliza uko wapi. Nimekuuliza umevaa sweta?"

"Nimevaa, mama."

"Ile nzito?"

Hivyo ndivyo kampuni ilivyoendeshwa. Fundi aliyefunga redio aliwatafutia chaneli yenye utulivu. Alizungusha kitufe mpaka akakuta mahali pasipo na sauti. "Hapa patupu," alisema. "Hapa ni penu." Wote walimwamini.

Siku moja Bibi alikuwa anamkumbusha mwanawe mdogo kumeza vidonge vya mgongo. Alibonyeza kitufe cha kuongelea, akasema aliyoyasema, kisha akaanza kutafuta miwani yake. Kidole chake kilibaki palepale kwenye kitufe. Hakujua kwamba kitufe kikibonyezwa, wengine wote kwenye chaneli hiyo wanazibwa masikio.

Mchana gari lenye antena kubwa lilizunguka mtaa ule. Likasimama mlangoni. Akashuka mwanamke mwenye kitambulisho shingoni.

"Hodi!"

"Karibu," alijibu Mama Gati.

"Ahsante. Mimi ni mkaguzi wa mawasiliano. Natafuta kituo cha redio."

Bibi alicheka. "Umepotea, mwanangu. Kituo cha redio kiko mjini, kwenye ghorofa. Hapa hatupigi muziki."

Mkaguzi aliangalia ukutani. "Na hiyo ni nini, mama?"

"Hiyo ni redio tu. Ya kuongea na meli."

"Basi hicho ndicho kituo ninachokitafuta."

Mama Gati alishtuka. Alikumbuka tangazo alilolisikia kwenye taarifa ya habari. Wenye vituo vya redio wote walitakiwa kuomba kibali cha serikali. Siku hiyo alikuwa anakuna nazi, akacheka na kusema kwamba watangazaji wamepatikana mwaka huu. Kumbe aliyetafutwa ni yeye.

"Dada mkaguzi," alisema, "mimi nilijua kituo ni pale wanaposoma habari."

"Wengi wanajua hivyo," alijibu mkaguzi. Akavuta kiti, akakaa. "Redio ya jikoni kwako inapokea sauti tu. Hiyo haina shida. Lakini hii ya ukutani inapokea na kurusha. Kila chombo kinachorusha sauti hewani ni kituo. Ofisi hii ni kituo. Subira ni kituo. Upesi nayo ni kituo."

"Upesi kweli ni kituo," alisema Bibi. "Kazi yake ni kusimama."

Mkaguzi hakucheka. "Mama, leo asubuhi meli kubwa ilikuwa inaingia bandarini. Ilikokotwa na tagi, yale maboti yenye nguvu ya kuvuta meli. Rubani anayeiingiza meli bandarini alitaka kuwaambia watu wa tagi walegeze kamba. Hawakumsikia. Walisikia habari za vidonge vya mgongo, kisha kimya. Chaneli mnayoitumia ni ya tagi. Ni tulivu kwa sababu inatumika meli kubwa ikija tu. Kamba ilikatika, ikampiga baharia mmoja begani. Yuko hospitali. Ingempata kichwani, leo tungezungumza mengine."

Bibi aliweka mikono usoni. Aliona aibu na uchungu, akasema wazi, "Nimemuumiza mtoto wa mwenzangu."

"Hukukusudia," alisema mkaguzi kwa upole. "Lakini ndiyo sababu kuna vibali. Hewa ni moja na wenye kuitumia ni wengi. Serikali inampa kila mmoja mahali pake na jina la kuitana. Kwa sasa lazima niifunge redio hii, na za melini pia."

Alibandika stika nyekundu juu ya redio. Akamwandikia Mama Gati mahali pa kwenda, akaaga.

Meli ziliporudi, ugomvi ulianza mezani.

"Tuibandue hiyo stika," alisema shemeji. "Nani atajua?"

"Lile gari litajua," alijibu Mama Gati. "Limetupata leo, litatupata na kesho."

"Basi tutafute mtu pale ofisini kwao, tumalizane kimyakimya."

"Shemeji, mtu ninayemtaka ni yule aliyekaa dirishani anapokea maombi. Huyo anajulikana, hana haja ya kutafutwa."

Nahodha alisukuma sahani. "Mke wangu, kuna mizigo ya watu. Tukilala, wateja watahamia kwa wengine."

"Wahame," alisema Mama Gati. "Meli hazitoki bila redio, na redio haiwashwi bila kibali. Upesi inabeba watu. Injini yake mnaijua wenyewe. Ikizima katikati ya maji, mtamwita nani? Mtapiga mbinja?"

Mama Gati aliogopa kupoteza kampuni, na alisema hivyo. Lakini aliogopa zaidi siku ambayo mmoja wa hawa wanaume wawili angeita msaada na asisikike.

Asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya mawasiliano. Alibeba kibali cha redio cha Subira, kilichokuwa ndani ya meli tangu walipoinunua bila mtu kukisoma. Alidhani hicho kingerahisisha mambo. Karani alikisoma, akakirudisha.

"Hiki ni cha mwenye meli wa zamani, mama. Meli iliuzwa, lakini kibali hakikuuzwa. Mnahitaji kipya kwa kila meli, na kingine cha kituo cha nchi kavu."

"Vitatu?"

"Vitatu."

"Haya. Nipe fomu tatu."

Alirudi nyumbani, akajaza. Karani alimrudisha tena, kwa sababu hakuandika urefu wa antena. Mama Gati alipanda ngazi mwenyewe na futi ya fundi cherehani, majirani wakitazama. Safari hii karani aliuliza aina ya redio. Safari nyingine akauliza cheti cha usajili wa Upesi. Shemeji alisema wanazungushwa. Mama Gati alimwambia alete cheti, aache maneno. Alishikilia uzi uleule.

Kisha likaja jambo ambalo hawakulitegemea. Anayeongea kwenye redio ya meli lazima awe amefunzwa na kufanya mtihani.

"Na mimi nitafanya," alisema Bibi.

"Mama, pumzika," alisema Nahodha. "Umri umekwenda."

"Umekwenda wapi? Masikio yangu yamebaki. Nilikosea kwa kutojua. Nataka kujua."

Wakasoma wote wanne. Walijifunza kwamba chaneli ya kumi na sita ni ya kuitana na ya kuomba msaada wa hatari, na kwamba haipigiwi soga. Ukishamwita mwenzako, mnahamia kwenye chaneli yenu. Unasema jina la unayemwita, kisha jina lako, kisha jambo lako kwa ufupi. Ukimaliza, unasema "ova" na kuachia kitufe. Nyumba nzima iliingia wazimu.

"Jikoni, Jikoni, hapa Sebuleni. Naomba chumvi. Ova."

"Sebuleni, hapa Jikoni. Njoo uichukue mwenyewe. Ova."

Bibi alianguka mtihani wa kwanza, maana alimuuliza mtahini kama amekula. Alirudia, akapita.

Siku vibali vilipotoka, mkaguzi alikuja mwenyewe kubandua stika. Redio zilipangiwa chaneli ya kampuni. Vibali vya meli vilitundikwa karibu na usukani, na kile cha nchi kavu kikatundikwa ofisini juu ya redio. Wateja wengine walikuwa wamehama kweli. Mama Gati aliwafuata mmoja mmoja, na baadhi wakarudi.

Msimu wa upepo mkali ulianza. Siku moja mchana redio iliita. Ilikuwa sauti ya shemeji kwenye chaneli ya kumi na sita. Alitaja jina la meli, mahali alipo na idadi ya watu. Injini ya Upesi imezima. Upepo unaisukuma kwenye miamba.

Bandari ilimjibu papo hapo. "Upesi, tumekupata. Tagi inakuja. Ova."

Mama Gati alisimama. Bibi alinyoosha mkono kwenye redio.

"Mama, tusiongee," alisema Mama Gati.

"Yule ni mwanangu!"

"Najua, mama. Na mimi nataka kumuuliza mambo mia. Lakini sasa anaongea na wanaoweza kumvuta. Tukiingia sisi, hawatamsikia."

Bibi alirudisha mkono. Mama Gati aliushika, akaubana ndani ya mikono yake. Walisikiliza. Walisikia upepo nyuma ya sauti za watu. Walisikia watu wa tagi wakisema wanatupa kamba, na shemeji akisema imeanguka majini, tupa tena. Machozi yalimtoka Bibi, lakini hakutoa neno.

"Bandari, hapa Upesi. Kamba imeshika. Tunavutwa. Abiria wote wazima. Ova."

Mama Gati alikaa chini, akalia kwa furaha. Baada ya muda, chaneli ya kampuni ikaita.

"Ofisi, Ofisi, hapa Upesi. Mama yupo hapo? Ova."

Mama Gati alimpa Bibi kipaza sauti. Bibi alifuta machozi kwanza.

"Upesi, hapa Ofisi. Nipo, mwanangu. Nilikuwa nakusikiliza tangu mwanzo. Ova."