Kijiji cha Pembezoni

Siku yenyewe ilianza na zipu mbovu. Mteja mmoja alileta sketi iliyomgomea kiunoni, akaapa kwamba zipu ndiyo iliyokosa adabu, wala si yeye aliyenenepa. Fundi aliitikia bila kucheka, maana ukila na kipofu usimguse mkono. Akapima, akaahidi kesho, akarudi kwenye kiti chake.

Fundi alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mezani palikuwa na cherehani, mkasi, chaki, na simu iliyoegemezwa kwenye boksi la vifungo ili mchezo aliocheza mtandaoni uonekane huku mikono ikifanya kazi. Mume wake alikuwa mpaka rangi wa majengo. Binti yao walimwita Kijiko, kwa sababu alipokuwa mchanga hakupata usingizi bila kijiko mkononi. Katika chumba cha uani alikaa shemeji yake, mdogo wa mume, fundi wa feni, mtu wa maneno mengi na sahani kubwa.

Kwa mchezo wenyewe sisi majirani tulikuwa tukimcheka. Kila mchezaji ana vijiji vyake kwenye ramani moja. Kimoja kinatoa nafaka, kingine mbao, kingine chuma, kingine chumvi. Hakuna mwenye vyote, hivyo lazima mfanye biashara, na humo kwenye biashara ndimo watu wanamomalizana. Kucheza na mashine Fundi hakukupenda hata kidogo.

"Mashine ukiipa hesabu sawa, inakubali," alikuwa akisema. "Mtu ana tamaa, ana hasira, ana haya. Mtu unamshinda ukijua anachoogopa kukosa."

Wachezaji wenzake walimwita Mama Chumvi. Bila chumvi chakula cha jeshi kinaoza, naye aliihodhi mpaka wakamjia wakibembeleza. Akihitaji nafaka, aliulizia chuma, ili wapandishe bei ya chuma na kumwachia nafaka kwa bei ya kutupa. Alikuwa hodari kweli, na alijua.

Vijiji vyake alivipa majina ya watu wa nyumbani. Makao makuu, yenye kuta nene, aliyaita Kijiko. Msitu wa mbao ulikuwa Baba Kijiko. Na kule pembezoni mwa ramani, jangwani, kulikuwa na kijiji kilichokula kuliko kilivyozalisha. Hicho alikiita Shemeji. Mwenyewe alipoonyeshwa alicheka hadi akakaa chini.

"Shemeji, wewe nilishe tu," alisema. "Iko siku nitakufaa."

Mchana huo mchezaji mpya aliingia. Nafasi ya jina lake ilikuwa tupu. Kwa kuwa ardhi yake ilipakana na lile jangwa, Fundi akamwita Jirani. Hakuleta salamu. Alileta zawadi, magunia ya nafaka, bila kudai kitu. Fundi akatabasamu, kwa sababu mbinu hiyo yeye mwenyewe aliitumia: unampa mtu kidogo, ili siku ukimwomba kikubwa aone haya kukataa.

Akaamua kumtega naye. Kijiji cha pembezoni ukimuuzia adui, njaa yake inakuwa mzigo wa adui. Ghala lake linakauka, jeshi lake linalegea, nawe umeshalipwa. Akaandika, "Nakuuzia Shemeji. Nipe chuma chako chote."

Jibu lilichelewa. Fundi akafurahi. Mashine haisiti, aliyesita ni mtu.

"Una hakika?" Jirani akauliza.

"Nina hakika."

"Una hakika?"

Fundi akabonyeza kukubali, akaendelea kushona. Chuma kilimiminika. Alijisifu hadi jua likapoa.

Jioni alipakua chakula, akapanga sahani mezani. Mume wake akazitazama.

"Mama Kijiko, tuna mgeni?"

"Mgeni gani? Ya shemeji hiyo."

"Shemeji yupi?"

Fundi alicheka. Mume wake hakucheka.

"Mdogo wako, jamani. Au mmegombana?"

"Mama yangu alinizaa mimi akafunga duka," alisema mpaka rangi. "Unajua hilo."

Fundi alitoka uani. Asubuhi ile ile alikuwa amegonga mlango huo akamkabidhi shemeji yake kikombe cha chai. Sasa komeo lilikuwa na kutu. Alilisukuma kwa bega. Ndani palijaa makopo ya rangi yaliyokauka na ngazi iliyovunjika, na vumbi lilikuwa nene kama blanketi. Utando wa buibui ulitoka kwenye taa hadi sakafuni, mahali palipokuwa na kitanda.

Akamwita binti yake, akapiga magoti mbele yake.

"Kijiko, mwanangu, baba mdogo yuko wapi?"

Mtoto akafikiri kidogo. "Baba mdogo ni nini?"

Simu ikalia mezani. Ilikuwa ni Jirani. "Asante," alikuwa ameandika. "Kweli anakula sana."

Usiku ule Fundi hakufumba macho, na asubuhi hakugusa sketi ya mtu. Aliogopa. Alitaka kuufuta mchezo kabisa, akauwekea kidole, kisha akakumbuka kanuni yake. Mchezaji akitoka, vijiji vyake hupewa anayepakana naye. Na tangu alipouza jangwa, Jirani alikuwa amepakana na ukuta wa Kijiko.

Akajaribu kumnunua shemeji yake. Akaweka mezani chuma alicholipwa. Akaongeza mbao. Mwisho akaweka chumvi yote, ile chumvi iliyompa jina.

"Huku hatuweki chumvi," Jirani akajibu.

Kisha majeshi yakaanza kusogea.

Hayakukimbia. Yalijipanga kukizunguka kijiji cha Kijiko, na ukuta wa nje ukaanza kubomoka, jiwe baada ya jiwe. Mtoto alikuwa sakafuni akicheza na vipande vya kitambaa. Mpaka rangi aliingia, amerudi mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda na rangi isingekauka. Mtoto akamrukia.

"Baba!"

Mpaka rangi akageuka kutazama nyuma yake.

"Anamwita nani?" akauliza.

"Baba Kijiko!" Fundi alinong'ona. "Usinitanie. Leo usinitanie."

"Baba nani? Mwambie mtoto wa watu aende kwao, mvua inakuja." Alisema kwa upole, kama unavyosema mbele ya mtoto usiyemjua. Akaingia chumbani kuvua viatu.

Kijiko alibaki amenyoosha mikono. Fundi alitaka kumwita. Alifungua mdomo. Jina halikuja. Alilitafuta, akalipata kwa shida kubwa, na alipolitamka lilisikika geni. Hapo ndipo alipoelewa. Yeye alimkumbuka shemeji kwa sababu alimuuza mwenyewe, kwa hiari. Kijiko angechukuliwa kwa nguvu, na kumbukumbu ingeondoka pamoja naye. Asingejua hata cha kulilia.

Ukuta wa pili ukaanguka.

Akaishika simu kwa mikono yote miwili. Akaivuta ramani upande wa Jirani, alikokuwa hajawahi kuangalia vizuri. Vijiji vyake vilikuwa vingi, vimebanana, na vyote vilikuwa na majina. Mama Mdogo. Pacha. Mjomba. Bibi wa Chumba cha Nyuma. Vyote vilikuwa vya pembezoni. Wote walikuwa watu waliochokwa, waliouzwa na mtu aliyekaa mahali fulani akijiona mjanja.

Mla cha mwenziwe, na chake huliwa. Lakini Fundi hakuwa na muda wa kujuta. Alijilazimisha kuwaza kama alivyowaza siku zote. Huyu alishukuru. Huyu alisita. Basi alikuwa mtu, au aliwahi kuwa mtu. Alikosa nini? Akayasoma majina tena. Waliouzwa alikuwa nao tele. Aliyeuza hakuwa naye hata mmoja.

Akaandika, "Nakupa Mama Chumvi."

Majeshi yakasimama.

"Wewe?"

"Mimi. Nirudishie Shemeji. Na Kijiko usimguse milele."

Mvua ikaanza kupiga bati. Mtoto alikuwa amekaa akimtazama Fundi kama anavyotazamwa mtu mliyekutana naye kwenye foleni.

"Mmoja," Jirani akaandika.

Hapo Fundi alilia. Alijua jibu lingekuwa hilo. Ukitaka kitu kimoja, unaomba viwili, kisha unajifanya umeshindwa; hiyo ni mbinu ya kwanza kabisa, hata mwanafunzi wa juzi anaijua. Tangu alipoandika majina yale mawili, alikuwa ameshajua ni yupi atakayemwacha. Shemeji yake alikuwa amecheka hadi kukaa chini. Shemeji yake alisema iko siku atamfaa. Fundi alimwomba msamaha kwa sauti, ndani ya chumba kile, akamwacha mara ya pili.

"Kijiko," akaandika.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Una hakika?"

Akabonyeza.

Kuta zikainuka. Majeshi yakageuka yakaondoka, bila vumbi, bila sauti. Mlango wa chumbani ukafunguka, mpaka rangi akatoka peku.

"Kijiko! Njoo kwa baba, usikae hapo chini kwenye baridi."

Akambeba. Mtoto akaficha uso shingoni mwake. Fundi alicheka na kulia kwa pamoja, akasimama, akaja kwao mikono imefunguka. Mpaka rangi akarudi nyuma hatua moja.

"Karibu, dada," alisema. "Samahani, sikusikia ukibisha hodi. Unamtafuta nani?"

"Baba Kijiko. Ni mimi."

Alimkagua kwa adabu. Kisha akaitazama cherehani.

"Kama umeifuata hiyo, chukua tu. Sijui hata ni nani aliyeiacha humu. Kijiko, mwamkie mgeni."

Mtoto akainua kichwa. Macho yake yalitulia juu ya Fundi kwa muda, yakitafuta.

"Shikamoo."

"Marahaba," Fundi akajibu. Lakini mpaka rangi alikuwa ameshageuka. Alizima taa, akatoka, akaufunga mlango wa chumba kile kama mtu anayefunga chumba kitupu.

Sasa sisi wa mtaa ule tunamjua mpaka rangi kuwa ni mwanamume anayelea binti peke yake. Ukimuuliza mama wa mtoto yuko wapi, anafungua mdomo, anabaki hivyo, halafu anakuuliza habari za kazi. Haya niliyowasimulia sijui niliyapata wapi. Hakuna aliyeniambia. Naamka nayo tu baadhi ya siku, na nina nguo kabatini iliyonikaa vizuri kuliko zote ambayo siwezi kukumbuka ni nani aliyenipima.

Wanawake wa mtaa walijitolea kumsuka mtoto, kwa sababu baba yake hawezi hata kugawa nywele njia mbili. Hawajahitajika. Kila baada ya kuoga, Kijiko huonekana amesukwa mistari myembamba, imenyooka, na ngozi ya kichwa inang'aa mafuta. Mpaka rangi alidhani ni majirani. Majirani walidhani ni yeye.

Jumapili iliyopita, mchana kweupe, alirudi kutoka dukani. Nyumba aliikuta imefungwa kwa kufuli, kama alivyoiacha. Kijiko alikuwa amekaa kwenye mkeka peke yake, mgongo wima, shingo ameiinamisha kidogo mbele. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshasukwa. Upande mwingine ulikuwa bado timutimu, na fungu moja la nywele lilikuwa limesimama, limevutika, mpaka ngozi ikainuka.

Mpaka rangi alinyoosha mkono.

"Subiri, baba," mtoto alinong'ona bila kutikisa kichwa. "Hajamaliza."